Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Mashine ya Boti Iliyoliwa na Chumvi

KIKUNDI CHA KITOWEO CHETU, MASASI NA NEWALA

Tarehe: Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Mahali: Barazani kwa Mama Zuhra, Newala mjini

Muda: Kikao kiliitishwa saa nne asubuhi. Kilianza saa tano na nusu, kwa sababu ambazo kila aliyechelewa alizieleza kwa namna yake.

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Eric Magesa – Mwenyekiti (mwalimu mstaafu, mwenyeji wa Ukerewe, mkazi wa Masasi)
2. Bi. Faidha, Mama Zuhra – Mweka Hazina na mwenye nyumba
3. Bw. Mujibu – Mjumbe (mnunuzi wa korosho, mwenye pikapu)
4. Bw. Hamidu Nandonde – Mjumbe na Mtunza Mashine
5. Mwl. Leonia – Katibu

MWALIKWA: Fundi Sultani, kutoka Mtwara

ASIYEHUDHURIA: Bw. Hilary. Alitoa udhuru wa homa. Bw. Mujibu alisema amemwona asubuhi sokoni Masasi akichagua nyama.

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwasalimu wajumbe, akapokea shikamoo za walio wadogo kwake, kisha akasema ajenda ni moja tu na imeshashushwa kwenye pikapu. Ajenda hiyo, yaani mashine ya boti, ilikuwa katikati ya baraza. Mama Zuhra aliomba iondolewe kwenye mkeka wake wa wageni. Iliondolewa na kulazwa juu ya gunia la korosho.

KUMB. NA. 2/10/2024: TAARIFA YA FUNDI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikundi kilinunua boti na mashine mwaka jana baada ya kuchoshwa na samaki wanaofika Masasi wakiwa na safari ndefu kuliko abiria. Boti iliwekwa pwani, ng'ambo ya Mtwara. Bw. Hamidu alijitolea kwenda kukaa huko na kuitunza, akamwachia mkewe mikorosho yake ya hapa Newala. Wiki iliyopita mashine ilizimika ikiwa baharini, na wavuvi walirudi kwa makasia. Walitoa maneno mengi ambayo Bw. Hamidu aliombwa na Mwenyekiti asiyarudie.

Fundi Sultani alieleza kwamba mashine ya aina hii hunyonya maji ili ijipoze. Ikinyonya maji ya bahari, chumvi hubaki ndani. Kwa hiyo kila ikitoka majini ni lazima mguu wake, ile sehemu inayozama, uingizwe kwenye pipa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iwashwe ijisuuze. Hii haikusuuzwa. Njia za maji zimeziba na kichwa cha mashine kimeliwa.

Mjumbe mmoja aliuliza kama kichwa kinaweza kupigwa welding. Fundi aliomba swali linalofuata. Mjumbe alikuwa Bw. Mujibu.

Mwenyekiti alieleza kwamba kwao Ukerewe alikulia ndani ya mitumbwi ya mashine na hajawahi kuona mashine ikiogeshwa. Fundi alisema maji ya Ukerewe ni ya ziwa, hayana chumvi. Mwenyekiti alijibu kwamba jambo hilo amelifundisha darasani kwa miaka mingi.

KUMB. NA. 3/10/2024: FEDHA ZA MAJI

Mama Zuhra aliomba wajumbe wakumbuke kwamba yeye binafsi alikuwa akimtumia Bw. Hamidu fedha za kununua maji ya kusuuzia mashine, kila wiki, na wakati mwingine kabla ya kununua ya nyumbani kwake. Aliuliza maji hayo yalinywewa na nani. Alisema hamwiti mtu mwizi, anauliza tu, na anauliza mbele ya watu ili jibu lisipotee.

Bw. Hamidu alisema maji aliyanunua yote.

Bw. Mujibu alithibitisha. Alisema alipokwenda kuichukua mashine aliingia kwenye kibanda cha Bw. Hamidu akakosa pa kuweka mguu kwa sababu ya mapipa. Yote yalikuwa yamejaa hadi juu, yamefunikwa kwa kanga safi na kufungwa kamba. Hakuna hata moja lililokuwa limefunguliwa.

Mwenyekiti aliuliza mashine ilikuwa inasafishwa kwa kitu gani. Bw. Hamidu alijibu kwamba aliifuta kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu, mpaka inang'aa. Fundi alikiri kwamba kwa nje ni safi kuliko zote alizowahi kufungua.

KUMB. NA. 4/10/2024: UNGA MWEUPE

Ilielezwa kwamba mwezi Julai Bw. Hamidu aliona unga mweupe umeota kwenye mashine. Alimpigia simu Mwenyekiti, ambaye alisema kwao ziwani hakuna kitu kama hicho, akamshauri awaulize watu wa korosho. Alimpigia Bw. Mujibu. Bw. Mujibu aliuliza kama unga huo ukifutwa unarudi. Alipoambiwa unarudi, alisema huo ni ugonjwa wa ubwiri unga, maana ndivyo unavyofanya kwenye maua ya mikorosho, na akatuma salfa, dawa ya mikorosho, kwa basi.

Bw. Hamidu aliipulizia mashine salfa alfajiri, wakati wa umande, kama inavyotakiwa kwa mikorosho. Alirudia baada ya wiki tatu.

Fundi Sultani aliomba kurudiwa maelezo hayo. Yaliporudiwa aliinuka akatoka nje, na wajumbe walimsikia akicheka upande wa jikoni. Aliporudi alisema tu kwamba salfa imeisaidia chumvi.

Bw. Mujibu aliomba sehemu hii isiandikwe. Katibu ameandika kwamba iliombwa isiandikwe.

KUMB. NA. 5/10/2024: HOJA YA KUMFUKUZA BW. HAMIDU

Mama Zuhra alitoa hoja kwamba Bw. Hamidu afukuzwe kikundini, na mikorosho yake ichumwe na kikundi msimu huu ili kununua kichwa kipya cha mashine. Alisema hana chuki naye, wamekua pamoja, na mama zao walikuwa wakisukana nywele. Lakini mtu akipewa maji na mashine akashindwa kuvikutanisha, huyo hafai kuachiwa mali ya watu. Bw. Mujibu aliunga mkono hoja haraka sana.

Katibu, akiwa mwalimu wa shule, aliwakumbusha wajumbe kwamba binti wa Bw. Hamidu, Mabel, yuko kidato cha kwanza na anasomeshwa na mikorosho hiyohiyo. Mama Zuhra alijibu kwamba analijua hilo na linamuuma, lakini mashine nayo haina baba mwingine.

Mwenyekiti alimpa Bw. Hamidu nafasi ya kujitetea. Bw. Hamidu, akiitazama mashine, alisema maneno haya, ambayo Katibu ameyaandika kama yalivyotoka:

"Mwenyekiti, mimi sina utetezi. Nilifundishwa namna ya kuisuuza na nilielewa. Kila jioni nilichota ndoo, nikasimama nayo pale. Lakini mama yangu alikuwa anashuka bondeni usiku kufuata maji, anapanda na mtungi jua limeshatoka, na sisi tunanawa uso kwa kikombe kimoja watoto wote. Nikitaka kuyamwaga yale maji kwenye chuma, mkono unakataa. Nikawa nasema, leo nifute tu, kesho nitasuuza. Kama mnachukua mikorosho, chukueni. Mtoto nitamwambia mwenyewe."

Bw. Mujibu alikohoa.

Mwenyekiti alisema ameguswa, lakini utoto wa mtu hauwezi kuwa sera ya matengenezo. Aliagiza kura ipigwe.

KUMB. NA. 6/10/2024: KUSUUZA MASHINE

Kabla ya kura, Fundi Sultani aliomba nafasi. Alisema kichwa kimekwisha, hilo halina mjadala, lakini mguu na pampu vinaweza kupona iwapo vitasuuzwa sasa hivi, maana mashine imekaa na chumvi yake wiki nzima na kila saa inaliwa. Kinachotakiwa ni pipa moja la maji baridi, yamiminwe polepole kwa mpira mpaka yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi.

Mwenyekiti alifurahi. Alisema hiyo ni nafasi nzuri ya kumwonyesha Bw. Hamidu jinsi jambo lilivyo dogo. Alimwomba Mama Zuhra atoe pipa la maji.

Bomba la mtaa huo halikuwa limetoa maji tangu wiki iliyotangulia. Mama Zuhra aliuliza kama mashine haiwezi kusubiri hadi mvua. Fundi alisema haiwezi. Aliuliza kama maji aliyooshea mchele yanafaa. Fundi alisema hayafai. Bw. Mujibu alijitolea kwenda na pikapu kutafuta maji kwingine, akaulizwa ni wapi, akakaa.

Mama Zuhra aliingia ndani. Alirudi na jagi.

Fundi alimimina jagi. Alisema bado. Mama Zuhra alileta ndoo, ikiwa nusu. Ndoo ilipoinuliwa alimwambia Fundi asubiri, akakimbia ndani, akarudi na beseni kubwa akaliingiza chini ya mashine. Mwenyekiti alimweleza kwamba maji hayo yana chumvi na salfa na hayatafaa kwa kitu chochote. Mama Zuhra alisema anajua. Alisema aachwe tu.

Zoezi liliendelea kwa muda mrefu. Kila ndoo ilitoka ndani ikiwa pungufu kuliko iliyotangulia. Fundi alipomwaga tone pembeni, Mama Zuhra na Bw. Mujibu walisema "Aa!" kwa pamoja. Bw. Hamidu aligeukia ukuta na kusema hawezi kuangalia. Beseni lilipokaribia kujaa, Mama Zuhra alilibeba kwa mikono miwili ili liwekwe jingine, na akabaki amesimama nalo, macho yameiva.

Fundi alionja maji, akasema mguu umepona.

KUMB. NA. 7/10/2024: KURA NA MAAZIMIO

Mwenyekiti aliwataka wanaounga mkono hoja ya kumfukuza Bw. Hamidu wanyooshe mikono.

Bw. Mujibu aliinua mkono hadi usawa wa bega, akajikuna shingo, akaushusha. Katibu alikuwa anaandika. Mama Zuhra, mtoa hoja, hakunyoosha mkono kwa kuwa yote miwili ilikuwa imeshika beseni. Mwenyekiti alimwambia aliweke chini apige kura. Mama Zuhra alijibu kwamba akiinama litamwagika.

Mwenyekiti alisubiri. Mama Zuhra aliendelea kusimama na beseni.

Waliounga mkono: hakuna. Hoja haikupita.

Iliazimiwa kwamba:

(a) Mikorosho ya Bw. Hamidu itachumwa na mkewe kama kawaida. Kichwa cha mashine kitanunuliwa kwa mchango wa wajumbe wote kutoka mavuno ya msimu huu, Bw. Hilary akiwamo, akishapona.

(b) Bw. Mujibu hatatuma dawa yoyote pwani.

(c) Kazi ya kusuuza ipewe mtu asiyeumia kumwaga maji. Ilionekana mjumbe wa namna hiyo ni mmoja tu, aliyekulia ziwani. Mwenyekiti alisema heshima hiyo ni kubwa na atazungumza kwanza na mkewe. Kwa kuwa azimio lilishapita, aliambiwa apange na Bw. Hamidu siku ya kuonyeshwa kibanda.

KUMB. NA. 8/10/2024: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliahirisha kikao saa tisa kasorobo alasiri, kwa sauti ya chini kuliko aliyofungulia. Wajumbe walipoinuka, Bw. Hamidu alimwendea Mama Zuhra akashika upande mmoja wa beseni. Mama Zuhra alimwambia, "Taratibu, Baba Mabel, yasimwagike," na wote wawili walilibeba hadi uani, bila kuulizana ni ya nini.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Mwl. Eric Magesa, MWENYEKITI ........................ (alitia saini baada ya kusoma tena azimio (c))

Mwl. Leonia, KATIBU ........................