Bilato bya Mama Kapinga

Kolwezi, jumamosi, mangaribi

Mbavu zingali zinaniuma juu ya kucheka.

Mu club yetu ya foto, Tata Kalonji anapigaka batu foto kwa mbali sana, juu miguu na bilato, viatu byabo, bionekane. Juma ya kupita nilimwambia: «Tata, sogea karibu. Acha miguu, kamata sura.» Akafunga kamera yake, akaenda. Niliogopa asirudi tena.

Leo akaleta foto ya muke yake, Mama Kapinga: sura tupu, anacheka, unga ku pua. Inashinda zetu zote! Nilikuwa ningali namusifu, Mama Kapinga mwenyewe akaingia, mikono ku kiuno.

«Ni weye ulisema bakate bilato byangu? Nilivala bilato bya misa mu jikoni juu ya ile foto!»

Kesho kisha misa nitamupiga foto ya bilato. Kichwa kitabaki inje ya foto.