Maji ya Wakwe

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie ukiwa na afya, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kiwe kimeshakuaga. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule mkubwa bado anakimbia mkasi wa kinyozi? Mwambie mdogo gauni lake nimeshalikata, limebaki kutiwa mikono tu.

Sisi huku wazima. Baba anaendelea vizuri kwa kiasi chake. Nyonga inaunga, daktari anasema chuma kimekaa mahali pake. Sasa anaweza kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani kwa fremu yake ya kutembelea, akiigombeza njia nzima kana kwamba ni kibarua wake aliyeshika spana kinyume. Chakula anakula. Usingizi anapata.

Fundi vigae uliyemtuma alifika na nyundo zake, tayari kubomoa sakafu ya bafuni. Nilimpa chai nikamrudisha. Najua hilo litakuudhi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujashika simu, kwa sababu kwenye simu nimeshajaribu, na kila nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito.

Nianze na wakwe. Unaikumbuka ile mimea mitatu ya mama iliyokuwa kwenye ukuta wa nyuma, ile rododendroni ambayo baba alishindwa kabisa kulitamka jina lake, akaamua kuiita wakwe. Alisema kitu kinachotaka udongo wake maalumu wenye uchachu, hakitaki jua kali, hakitaki kiu, hakitaki maji mengi, na ukikikosea hakisemi neno bali kinanuna tu, hicho si ua, ni mkwe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alipofariki, baba akachukua kazi ya kuwahudumia wakwe, na aliifanya vizuri, maua yalikuwa yakijaa ukuta mzima.

Mvua zilipoanza mwaka huu, majani ya mkwe wa kati yalijikunja yakaning'inia kama miavuli iliyofungwa. Mimi najua uzi na sindano, mimea siijui. Nikaona kiu. Wiki hiyo baba alikuwa amepoteza funguo na kuacha jiko likiwaka, nami nilikuwa nimechoka, basi nikamwendea kwa ukali. Nilimwambia kama ameshindwa hata kumpa maji mkwe wa mama, aseme, nitajua la kufanya. Nikaongeza kwamba mama angeona hali ile angelia. Baba alichukua mpira wa maji akatoka.

Dada, kumbukumbu ya baba imeharibika kuliko ninavyokueleza kwenye simu. Husahau kama amekula. Siku moja aliniuliza mama amechelewa wapi. Lakini ukali wangu ule hakuusahau. Alisahau kwamba ameshamwagilia, akakumbuka kwamba alilaumiwa. Anaingia ndani, anaketi, mara uso unambadilika kama mtu aliyeacha sufuria motoni, anainuka tena kwenda bombani. Na mkwe alivyozidi kunyong'onyea, nilimwambia aongeze maji. Akaongeza. Mkwe wa pili naye akaanza kuwa manjano.

Aliyetufumbua macho ni yule mama wa miche, mteja wangu mwenye kitalu karibu na kituo cha basi, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa zaidi. Alikuja kuchukua mapazia yake akapitia uani, viatu vikazama. Akauliza kwa sauti ni nani humu anayewafundisha maua kuogelea. Kisha akachuchumaa, akafukua kwa vidole shinani mwa mkwe wa kati, akavuta mzizi. Ulikuwa wa kahawia, laini, ngozi yake ikabanduka yote mkononi mwake ukabaki uzi mwembamba. Ulinuka kama dimbwi. Akakwangua gome la chini kwa ufunguo wake, na ndani palikuwa pamebadilika rangi, wekundu wa kutu mahali palipostahili ubichi. Hapo hakucheka tena.

Alinieleza kwamba mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukilowa muda mrefu, kuna ugonjwa unaopenda maji huingia na kuiozesha, na mzizi ukishaoza hauna mdomo wa kunywea. Ndipo majani yanapolegea kwa kiu katikati ya tope. Mwenye nyumba akiona hivyo humimina maji zaidi. Aliniambia hivi: "Hapa mmekuwa mkimnywesha maiti." Nilimwuliza kuhusu dawa. Akasema ipo, nayo huuzuia ugonjwa usisonge mbele, lakini mzizi uliokufa haufufui.

Wakwe wawili tuliwang'oa na kuwachoma moto. Alinikataza kupanda tena mmea wa jamii hiyo kwenye mashimo yale, akanisimamia nioshe jembe na koleo kwa dawa ili nisiuhamishe ugonjwa kwa mikono yangu. Wa tatu alikuwa na mizizi myeupe kiasi. Tulimwinua, nikakata iliyooza kwa mkasi safi, tukamjengea tuta la udongo mwepesi uliochanganywa na vipande vya magome ya msonobari ili maji yasipate pa kulala. Tukampanda juujuu, mizizi ikifunikwa kidogo tu, na magome mengine tukayatandaza juu bila kuyagusisha shina. Ukabaki ulinzi tu: hapewi maji mpaka uzamishe kidole na kukuta udongo umeanza kukauka.

Baba alikuwepo na alielewa barabara. Akasema kweli, maji yasiyo na pa kutokea huozesha kila kitu, yeye amechimba mitaro maisha yake yote. Tulifurahi. Mama wa miche hata hajafika mbali na geti, baba akawa bombani anafungua maji.

Nilijaribu kumkumbusha kwa upole, nikachoka, nikajaribu kwa ukali. Mwishowe nikang'oa kishikio cha bomba la uani nikakificha kwenye droo ya nyuzi. Dada, nilimfungia maji baba yetu, fundi bomba. Nilimwona kupitia dirisha akipapasa mahali kishikio kilipokuwa, vidole vikitafuta kazi vinayoijua. Aligeuka akatazama dirishani kwangu. Nikainamia cherehani.

Sasa nifike penyewe. Baba hakuanguka bafuni.

Siku ile nilikuwa nashona mapazia ya ukumbi, mwenyewe anayafuata mchana. Nilisikia bomba la jikoni likijaza ndoo. Nilisikia mlio wa mshikio wake wa waya. Nilijua anakwenda wapi, na nilijua ngazi za mlango wa nyuma zimelowa, kwa kuwa mvua ilinyesha asubuhi. Kumzuia kulitaka niinuke, nimpokonye ndoo, nione tena ule uso wake wa mtoto aliyekosea. Sikutaka. Nikasema moyoni, acha aende, na mkwe akifa afe tupumzike. Nikakanyaga pedali, cherehani ikanguruma, nisisikie kitu. Uzi ulipokatika ndipo nikamsikia akiita, wala hakuwa akiita kwa nguvu. Nilimkuta chini ya ngazi, ndoo imepinduka kifuani. Kabla hajasema anaumia, aliniomba radhi kwa kumwaga maji.

Uliponipigia hospitali ukauliza kaangukia wapi, nikasema bafuni. Sijui neno lile lilitoka wapi. Ukasema ni vigae vyako, kwamba fundi alikushauri vya kukwaruza, visivyoteleza, wewe ukang'ang'ania vile vya kung'aa. Nikakusikia ukilia, nami nikakuacha ulie. Tangu siku hiyo umekuwa ukiubeba mzigo wangu, na kila ukimtaja fundi na vigae nahisi nimekuibia usingizi. Vigae havina kosa, dada. Wewe huna kosa. Usibomoe kitu.

Kwa baba nilikwenda kwanza. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamweleza yote, tangu siku niliyomfokea mpaka pedali. Alinisikiliza, akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe. Nilikuwa bado nafuta machozi aliponiuliza kwa nini nalia, nimekosa nini. Nikamweleza upya. Akanisamehe tena. Siku ya pili nilijaribu mara nyingine na ikawa vilevile, na pale nikaona namchosha mzee kwa kutafuta kitu asichoweza kunipa. Baba anasamehe kila ninapomwomba, ila kosa lenyewe hana tena.

Wewe unakumbuka. Ndiyo maana nimelileta kwako.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nimejiandaa. Ila kama utaweza kusafiri, njoo unigombeze humu ndani, baba asikie sauti yako. Mkwe aliyebaki ametoa majani mapya mawili, madogo, sijui kama yatadumu. Mama wa miche anasema tusubiri msimu upite.

Msalimie shemeji kwa heshima zote, na watoto wabusu wote bila kumruka mwenye nywele. Baba anakusalimia sana. Ameniuliza namwandikia nani, nikamtajia wewe, akafurahi.

Ni mimi mdogo wako,
ninayengoja jibu lako, liwe la namna yoyote.