Ndama Aliyejichora Gizani

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia maabara, nimepiga deki. Daktari Neema wa mifugo, mtoto wa Kilimanjaro, kanisalimia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu", umeamkaje mama, bado anakosea matamshi. Nampenda. Mifupa mitupu, huyu hali chakula.
Kumbe bado anazo chembe alizozitoa kwa sindano kwenye tezi za ndama wangu, yule aliyekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Alizilisha dawa yenye mionzi zikiwa hai. Zinazozaliana ndizo zinazokula. Anazifunika kwa dawa ya filamu juu ya kioo, basi kwa mionzi ile zinajichora zenyewe. Gizani. Bila kamera! Nina wajukuu tisa, hakuna aliyewahi kunishangaza hivi. Herufi zangu za uzeeni ni mbaya ila hili naliandika.

Jumatano, 5 Juni
Neema kachovya vioo, mapovu matupu. Dawa ikiwa nene, picha inaharibika. Anachovya kwa pupa. Nikamwambia leta hapa, mimi nimeengua mafuta ya maziwa miaka yote.
"Haya mayu, vaa glavu."
Giza tii. Nimechovya taratibu, nimetoa taratibu. Niliposikia kageuka nikaitumbukiza rozari yangu kwenye kisanduku cha kutunzia vioo, ivilinde. Iling'aa kijani. Nikafurahi.

Jumatano, 12 Juni
Aibu. Neema kafungua kisanduku gizani achukue kioo cha kujaribia, kagusa shanga. Kasafisha vioo kama picha: mwanga wa shanga umevifanya vyeusi vyote, hata kisicho na chembe.
"Mayu, hii ya nani?"
"Yangu. Ilikuwa inawaka."
Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Chembe zimebaki za mara moja tu, na ndama mwenyewe hayupo tena.

Alhamisi, 13 Juni
Kanirudisha mimi mwenyewe kuchovya. Nimelia ndani ya barakoa. Rozari iko nyumbani, Mungu anaona hata gizani.
Vioo vikae kisandukuni wiki tatu. Ukiwahi, picha haijakolea. Ukichelewa, uchafu unajaa.

Jumapili, 23 Juni
Umeme hakuna tangu asubuhi, friji la vioo limezima. Joto nalo linachafua picha. Sikwenda kanisani. Tumezungushia kisanduku barafu, mimi na Neema.

Alhamisi, 4 Julai
Neema kasafisha vioo, kaangalia kwanza yeye kwenye darubini. Kanivutia kiti.
Chembe ni viduara vya zambarau. Juu ya vingi, vidoa vyeusi vimejaa kama ulezi uliomwagika. Pembeni safi kabisa. Kasema zenye vidoa ndizo zilizokuwa zinazaliana, ugonjwa unazilazimisha, mpaka mnyama anakufa.
Tezi zilimvimba ndama wangu chini ya masikio. Nilimkanda siku nne kwa vidole hivi.
Kumbe hizi ndizo nilizokuwa nagusa.
Nimebaki kwenye darubini, Neema hakuniharakisha.