Pipa la Maji ya Kijani

Juani, 3 Februari 2025

Mwanangu Sabra,

Assalaam alaykum. Huku kisiwani sote wazima, ila mgongo tu unanisumbua, maana bamvua likija, maji yakakupwa mbali, tunainama shambani kwa mwani kutwa nzima. Wewe hujambo? Chuo kinaendaje? Simu yangu imeingia maji ya chumvi, ndiyo maana nakuandikia. Barua anaivusha Shaabani wa boti.

Pipa ulilotuachia uani lipo, na maji yanazidi kuwa ya kijani. Lakini mimi sijaelewa. Ulisema maji ya kisima chetu yana vipande vya plastiki visivyoonekana kwa macho. Sawa. Ukasema huo ukijani ni mimea midogo kama vumbi, inanata, inavikamata vile vipande na kuzama navyo. Sasa mbona tangu utotoni nasugua ukijani mtungini, naambiwa ni uchafu? Jirani yetu Kombo kaniuliza kama nafuga vyura. Nimwambie nini?

Shangazi yako,
Kijakazi

Dar es Salaam, 11 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na mgongo. Mwambie Kombo vyura bado hawajafika.

Ule ukijani wa mtungini ni ndugu wa huu, ila huu tumeuchagua na kuukuza wenyewe maabarani. Huku, kwenye chupa, plastiki imepungua sana. Kwa maji ya kisima chenu bado sijui, ndiyo maana nikaleta pipa, tuyajaribu humo. Nikija nitayapima. Likoroge asubuhi, liache juani, na asinywe mtu.

Mwanao,
Sabra

Juani, 2 Machi 2025

Sabra,

Salamu, na Ramadhani njema. Mimi mzima, lakini huku si kwema.

Unajua Mwanamkuu, mke wa Kombo, ni mjamzito. Ijumaa alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, mimi nipo kwenye mwani. Kiu ikambana. Juu ya pipa maji yalikuwa meupe, ukijani umetuama chini, akachota, akanywa. Jioni homa na kutapika. Tukamvusha kwa boti, tukampeleka hospitali. Kombo akaja akalipiga pipa teke, kijani chote kikamwagika uani. "Mnatujaribia sisi madude yenu?" akanifokea.

Niambie, ile ni sumu? Kila anayeingia hapa ana lake la kusema, na mimi nawaitikia wote.

Shangazi yako,
Kijakazi

Juani, 14 Machi 2025

Sabra,

U mzima? Shaabani kila akishuka botini ananitikisia kichwa, hana barua. Mwanamkuu bado kalazwa. Kombo haitikii salamu yangu. Sema neno lolote.

Shangazi yako

Dar es Salaam, 17 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe. Nimekuwa nikiandika na kuchana. Barua moja ilisema si sumu kabisa. Nyingine ilisema kosa ni la Mwanamkuu. Zote nimezitupa.

Mwalimu wangu anasema mimea yenyewe haijulikani kumdhuru mtu. Lakini maji yale yalikaa juani muda mrefu, na sijui ni vijidudu gani vingine vilizaliana humo. Sikuyapima, na sasa yamemwagika. Kwa hiyo sijui, shangazi. Nilitaka kuwasafishia maji, sasa sielewi nimefanya nini. Msomee Kombo haya kama yalivyo. Akikubali, nitakuja.

Mwanao,
Sabra

Juani, 29 Machi 2025

Mwanangu Sabra,

Assalaam alaykum. Alhamdulillahi, Mwanamkuu karudi, na mtoto anacheza tumboni. Daktari kakuta malaria kwenye damu yake. Kama na yale maji yalichangia, hakusema.

Barua yako nilimsomea Kombo nyumbani kwao baada ya futari. Nilipofika kwenye "sijui" akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Angeapa kwamba ni salama, ningeichana," akasema.

Mwanamkuu akadakia kutoka kitandani, "Basi aje atuambie anachokijua na asichokijua. Maji ya kisima si tunayanywa kila siku, na hiyo plastiki yake?"

Kombo akavaa kandambili zake aende msikitini. Mlangoni akageuka. "Siku akija, nitampokea pwani mimi mwenyewe."

Kwa heri au kwa shari, sijui. Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Njoo, mwanangu. Nitakuwa nimesimama kando yake.

Shangazi yako,
Kijakazi