Ni Mimi Niliyemshtaki Mdogo Wako

Manassas, Virginia,
Marekani.
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Vumilia,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na lile goti linasemaje? Ferdinand aliniambia siku hizi unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Wajukuu hawajambo? Mvua huko Mbinga zimeanza, au bado mnaangalia mawingu na mbegu ziko ndani?

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa baridi imeanza kutuonyesha meno. Lakini hilo neno "wazima" nimeliandika kwa mazoea tu, wifi. Hatuko wazima, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua utajiuliza, huyu Leokadia ana nini, dunia nzima inaongea kwa simu yeye anaandika barua? Wifi yangu, simu yako ni redio ya ukoo. Nikikutumia ujumbe wa sauti, mjukuu anausikiliza kwanza, halafu jirani, kufika jioni uko Songea. Na humu ndani siwezi kuongea, kuta zenyewe za mbao, ukipiga chafya chumbani mtu wa sebuleni anakuombea afya. Kwa hiyo barua hii anakuletea Wambura wa parokiani kwetu, anakuja huko kwenye harusi ya mdogo wake. Nimemwapisha akukabidhi mkononi. Isome peke yako, na uwe umekaa.

Kwanza nikueleze huu mji, maana bila huo hutaelewa mengine. Yale mashamba ya mahindi niliyokupigia picha, ukacheka ukasema kumbe Marekani ni Mbinga tu, hayapo tena. Wamejenga majengo makubwa yasiyo na dirisha hata moja, ndani kompyuta tupu, yananguruma kutwa kucha. Pembeni nyumba zimebanana mpaka jirani akikaanga kitunguu unakijua. Barabara ya njia mbili imekuwa ya njia sita. Jumatatu unapita kushoto, Alhamisi wameshaweka mapipa ya rangi ya chungwa, unatakiwa upite kulia. Na basi ni moja kwa saa, Jumapili usilitegemee kabisa. Mtu asiye na gari hapa ni mfungwa asiye na kesi.

Gari ndiyo kazi ya mdogo wako, unajua. Anaendesha kile kigari cha kampuni cha kubeba wagonjwa, wazee wanaokwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wanampenda, wifi. Yupo mmoja, Mzee Peterson, ana miaka themanini na minne, hakubali kupanda gari la dereva mwingine. Anasema Ferdinand peke yake ndiye anayekwepa mashimo.

Asubuhi tunatoka pamoja kwa gari letu, ananishusha Annandale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, halafu yeye anakwenda kuchukua lile la kampuni. Sasa njiani alikuwa na mtindo wake. "Mama Tito, hebu soma kibao kile, tukisikie Kiingereza chako." Nasoma. "Na pale mbele taa inasemaje?" Nasema nyekundu. "Haya, kwa Kiingereza." Basi nacheka, nasema kwa Kiingereza. Miaka miwili hiyo. Nilijisifu kazini kwamba mume wangu ni mwalimu, wenzangu waume zao wakiwa barabarani wanatukana tu. Mimi mjinga, kumbe nilikuwa namsomea barabara.

Nilikuja kushtuka Jumapili ya mwisho ya Agosti. Tulikuwa tunatoka misa ya Kiswahili kule upande wa Maryland, nyuma tumewapakia Macaire na mkewe Généreuse. Hao ni Wakongo wa Bukavu, nimeshakutajia. Macaire ndiye aliyemsimamia Tito kipaimara, na kwa Ferdinand yule ni ndugu kabisa, miaka kumi na moja wanakula sahani moja. Tumekaribia nyumbani, penye lile lililokuwa duka la mbegu, wameweka taa mpya. Miaka kumi na minane Ferdinand anapita pale bila kusimama. Taa nyekundu, mama wa watu anavuka na kigari cha mtoto, na mdogo wako huyoo, anakwenda. Nilipiga ukelele ambao sijaupiga hata siku ya kumzaa Tito. Akafunga breki. Kati ya gari na kile kigari ungeweza kupitisha kiganja, basi.

Yule mama alitugeukia akatutazama tu, mdomo wazi. Ferdinand akasema jua limempiga machoni. Wifi, siku hiyo kulikuwa na mawingu toka alfajiri. Ndipo nikaelewa kwamba mtu huyu haendeshi kwa macho, anaendesha kwa kukumbuka. Na mji anaoukumbuka hawaachi kuubomoa.

Tulipofika, Macaire alimshika bega kwa upole, akamwambia kwa Kiswahili chao, ambamo kaka huitwa yaya: "Yaya, ile macho yako haiko muzuri. Kesho nikupeleke kwa muganga." Sasa kwa Wakongo muganga ni daktari, daktari wa hospitali na koti lake jeupe. Ferdinand analijua hilo, ameshalisikia mara mia. Lakini siku hiyo aliamua kulisikia Kimbinga. Loo! Alifura. "Kwa hiyo mimi nimerogwa? Unanipeleka kwa mganga, unaniona mshenzi?" Macaire wa watu akabaki ameduwaa na begi la mkewe mkononi.

Nadhani wewe unajua kwa nini neno lile lilimchoma. Mimi nimesimuliwa vipande vipande tu: kwamba baba mkwe alipofuka akiwa bado mtu mzima mwenye nguvu zake, kwamba alizungushwa kwa waganga watatu, na kwamba walisema amefungwa macho na mtu wa nyumbani mpaka shangazi yenu akahama kijiji. Kwenu jambo hilo halizungumzwi. Na mimi mkwe nilishika adabu yangu, sikuuliza.

Nilimbembeleza aende kwa daktari wa macho. Akasema kila mwaka kampuni inampima na anafaulu. Kweli anafaulu. Wiki moja baadaye nikamsikia bafuni ananyoa ndevu, huku anajisemea herufi: E, F, P, T, O, Z, kwa mpangilio, kama mtoto wa chekechea. Nikasimama mlangoni na taulo mkononi. Ameukariri ule ubao wa kupimia, wifi. Mtu mzima, na mvi zake.

Nilimwambia nimesikia. Akaniuliza kama nataka tukalale chini ya daraja. Nikamwambia nataka Mzee Peterson afike kwake mzima. Tuligombana mpaka Tito akatoka chumbani kwake, akatuambia kwa Kiingereza chake kwamba anasomea mtihani, na sisi wote wawili tukaomba samahani kwa Kiingereza.

Baada ya hapo kila simu ikilia mchana nadhani ni polisi. Nikaanza kumwona yule mama na kigari chake kila nilipofumba macho. Basi mwanzoni mwa Oktoba, siku yangu ya mapumziko, nikakaa maktaba nikaandika kwa ofisi ya leseni. Nilieleza yote, jina lake, namba ya gari, na kwamba mimi ni mkewe. Nikaomba wasimwambie ni nani. Nilifuta na kuandika upya mpaka dada mmoja wa pale akaniletea maji. Nimekwisha kukuambia sasa. Ni mimi.

Barua yao ilikuja mwishoni mwa mwezi: alete ripoti ya daktari wa macho kabla ya tarehe 20 Novemba, la sivyo leseni inasimamishwa. Ferdinand aliipeleka dirishani, akaigeuza-geuza mwangani, akaisoma taratibu. Nilikuwa napiga pasi shati lake la kazi. Akasema neno moja tu: "Macaire." Halafu akasema, "Kweli kikulacho ki nguoni mwako." Na mimi pale, nimeishika nguo yake mkononi. Niliunguza kola.

Alimpigia Macaire simu akamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayobebwa na Wambura. Jumapili iliyofuata, ukumbini baada ya misa, Macaire akamnyooshea mkono. Ferdinand akauacha unaning'inia, watu wote wanaona. Macaire akanitazama mimi mara moja, wifi. Akajua. Nakuapia alijua. Akageuka akaanza kukusanya viti, hakumwambia mtu yeyote, mpaka leo amebeba msalaba wangu kimya kimya. Na Généreuse bado ananitumia sombe, kisamvu chao, kwenye kopo. Ferdinand haligusi. Nakula peke yangu, nimesimama.

Na bado anaendesha! Ndiyo inayonimaliza. Tarehe haijafika, daktari hajamwona, na kila asubuhi anawasha gari. Mimi nimeacha kumsomea vibao. Nilidhani nikinyamaza ataogopa, kumbe ninayeogopa ni mimi, basi nikiona taa najikuta nimepayuka.

Kesho baada ya misa nitamwambia. Maji yamenifika shingoni, siwezi kumwacha mtu asiye na kosa anyimwe mkono kwa ajili yangu. Sasa wewe ni dada mkubwa, lazima atakupigia. Akikuambia mkewe amemsaliti, usinitetee. Mwache aseme yote. Akimaliza, muulize ni nani angemwambia yule mama wa kigari kwamba mtoto wake ameuawa na jua la siku ya mawingu.

Jumatatu, 10 Novemba

Wifi, barua ilikuwa bado kwenye pochi yangu, nimeona niiongeze.

Nimemwambia. Nilimkalisha mezani jana tulipotoka kanisani, kabla hata sijavua koti, maana nikivua ningetafuta kazi nyingine ya kufanya. Nilisema: aliyeandika ni mimi, si Macaire, na nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijiandaa kwa kelele. Nilijiandaa hata kulala kwa Généreuse.

Hakupiga kelele. Alikipangusa kitambaa cha meza kama kuna makombo. Halafu akaniuliza nilianza kujua lini. Nikasema Agosti. Akasema, "Mimi ni mwaka wa nne huu." Jicho la kushoto ndilo lililoanza, pembeni, kama mtu anafunga pazia polepole. La kulia likafuata. Miaka minne, wifi! Nimelala pembeni yake miaka minne, nagombana naye juu ya takataka na soksi, na yeye anafungiwa pazia peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Na hapo ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia. Kwamba baba alipopofuka, mtoto aliyetolewa shule ili amshike fimbo alikuwa yeye. Mwaka mzima na nusu, mbele fimbo, nyuma baba, wanakwenda kwa mganga huyu na yule, na watoto wenzake wanawaimbia njiani. Akasema, "Sikutaka Tito anishike fimbo."

Nililia, sikufichi. Yeye hakulia. Aliingia chumbani, na toka jana hajanisemesha. Kwa Macaire bado hajaenda, sijui kama ataenda. Leo asubuhi alipiga simu kazini akasema haji, funguo zote akaziacha mezani, akakaa na koti lake mwilini. Kazini mimi nimeletwa na jirani. Ijumaa nimempatia nafasi kwa daktari wa macho. Hajasema ataenda. Hajasema haendi.

Sasa wifi yangu, nakuomba kitu, na nakiomba kwa heshima zote. Haya magonjwa ya macho mengine hutembea kwenye damu, nimewaona wengi kwa wale wazee ninaowahudumia. Daktari lazima ataniuliza: baba yake alikuwaje? Babu je? Siwezi kumjibu kwamba alifungwa macho na shangazi. Niambie ukweli. Je, kuna aliyewahi kumpeleka hospitali? Walisema nini? Alianza kwa jicho moja, pembeni? Na wewe mwenyewe, unaona vizuri pande zote? Usinifiche kwa ajili ya heshima ya marehemu. Marehemu hapungukiwi kitu. Tito ametimiza miaka ishirini na mmoja, na huyo nataka apimwe wakati bado anaona kila kitu.

Nisalimie Baba Godlisten na wajukuu wote, shemeji yangu Yohan, na mama mdogo kama bado ananikumbuka. Shangazi yenu yule, kama yu hai na unajua alipo, mpe salamu zangu kabla ya wote, na umwambie kuna mkwe huku amemwamini.

Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mvua za kutosha na nuru ya kuzionea.

Mimi wifi yako, ninayekupenda hata kama baada ya kuisoma hii hutanipenda kwa muda,

Leokadia (Mama Tito)