Mluzi Chini ya Kamba

Karratha, 3 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Niwie radhi, nimekaa kimya tangu Pasaka. Peggy anaota meno, Rhys, baba yake, yuko zamu za mgodini, nami nasinzia nimesimama kama farasi. Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, ila joto tu. Naitamani baridi ya Launceston mpaka naiota.

Simu umeizima, ndiyo maana naandika. Lorna wa jukwaani, pale kwenye ukumbi wenu wa maigizo, kanieleza. Eti ulikuwa unamtazama Peggy akicheka kwenye simu, ukajisahau, ukampigia mluzi palepale chini ya kamba za mapazia. Gus, mwenzako wa kamba, akadhani ni ishara, akashusha pazia lililochorwa msitu, likamkwaruza Lorna bega. Ukatoka nje, na hujagonga mlango hadi leo. Kweli, Baba?

Mwanao,
Bridie

Launceston, 19 Mei

Bridie mwanangu,

Goti linanung'unika, mwenyewe mzima. Nibusie mjukuu.

Ni kweli. Tangu enzi za mabaharia walioajiriwa kumbini kuvuta kamba, mluzi maana yake "shusha". Wengine huuita mkosi. Mimi nimewafundisha wote kwamba unaua. Aliyepiga hutoka, akazunguka mara tatu, akatema mate, akagonga, akangoja kukaribishwa. Nilizunguka. Nilitema. Mkono ukakataa kugonga.

Gus alinikuta pale: "We mzee, umekuwa paka wa jalalani?" Nikamwambia ashike njia yake. Kila asubuhi napita mlango ule wa nyuma wa ukumbi, nanusa rangi na vumbi la mapazia, kisha narudi nyumbani.

Baba yako

Karratha, 2 Juni

Baba, shikamoo.

Meno mawili yametoka. Barua yako niliisoma nikinyonyesha. Nililia, halafu nikakasirika.

Bega la Lorna limepona. Anasema kamba zinamshinda Gus, na onyesho ni Julai. Baba, desturi ile haikuwekwa ili mtu apotee. Inamtoa nje atulie, kisha arudi. Jumatatu nenda kagonge, usiende kunusa. Julai nakuja na Peggy. Nataka akuone umeshika kamba, si umekaa jikoni unatazama ukuta.

Mtoto hajawahi kuonja baridi. Nitumie soksi mbili za sufi, koti langu jekundu lililo nyuma ya mlango wa chumbani, kofia aliyoifuma marehemu Mama, na jina la aliyekufungulia.

Mwanao,
Bridie