Ni Paluku Gani?

Beni, Alhamisi asubuhi

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Mama ameamkaje? Mguu wake umepoa, au bado anauburuta akienda misa? Na watoto, kikohozi kimewaacha? Nauliza hayo kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe sikuulizi, najua u mzima, maana mgonjwa hana nguvu ya kufunga namba ya mdogo wake kwenye simu. Tangu Jumanne nakupigia, sauti ya yule dada wa simu nimeichoka. Basi nimechukua kalamu, na barua nampa Mama Kahindo, yule muuza samaki wa chumvi, anashuka Butembo leo. Nimemwomba akupe mkononi, pale Vulamba, mke wako akiona. Na nimemwomba asiondoke mpaka Mama asomewe yote. Kwa hiyo mambo mengine unayoyajua nitayaeleza tena, si kwa ajili yako.

Mama, kazi yangu hapa ni waya za umeme zinazopita chini ya ardhi. Waya kama hiyo haifi siku moja. Ngozi yake ya plastiki ikipasuka kidogo, au pale ilipounganishwa pakifungwa vibaya, maji yanaingia polepole. Taa bado zinawaka, kila mtu anasema kuko muzuri. Lakini umeme unavujia udongoni kidogo kidogo, unachoma njia nyembamba nyeusi ndani kwa ndani, mpaka siku moja waya inaungua na nyumba yote giza. Sisi tunatakiwa kuujua ugonjwa huo ungali mdogo. Tuna kisanduku cha kupima nguvu ya ngozi hiyo, tunakiita mégger. Namba yake ikianza kushuka, tunazima umeme, tunafunga mashine inayopiga waya mapigo makali, na mimi natembea juu ya udongo na sikio la chuma mkononi na écouteurs za kusikilizia kichwani. Penye ugonjwa panagonga kidogo. Tap. Kimya. Tap.

Waya ninayoisema ndiyo inayoenda kwenye maternité ya mtaa wetu, wanapojifungulia akina mama. Tangu mvua zianze namba yake ilikuwa inashuka kila nikiipima. Umeme haukuwa umekatika hata mara moja, na chef, mkubwa wetu wa kazi, alitaka tuiache. Ni Mzee Paluku aliyekataa. Alisema wazazi hawazalishwi kwa kubahatisha.

Huyo Mzee Paluku, Mama, ndiye aliyenifundisha kazi nilipofika hapa bila kujua hata kushika koleo la umeme. Amezeeka katika mitaro. Alinifundisha kutotembea upesi kuliko sauti. Mkewe alinilisha mwaka mzima kama mtoto wa tumbo lake. Mwanao mkubwa anamfahamu vizuri, alikula katika sahani ileile.

Basi tukatoka Jumatatu. Beni si mahali pa kuonekana unasikiliza udongo. Watu wamezika wengi mno hapa, na mtu mwenye chuma masikioni anayeinama penye nyasi za wenzake hana jibu linalotosha. Mama mmoja alinikuta katikati ya mihogo yake ya sombe akanijia na jembe.

“Weye! Unasikiliza nani mule mu udongo?”

“Ni waya, mama.”

“Waya inasemaka?”

“Inakohoaka mbele ya kufa.”

“Basi iende kukohoa kwa bibi yako! Apa ni shamba yangu!”

Majirani wakatoka. Mmoja akasema tunatafuta dhahabu, mwingine akasema tunapimia adui njia. Mwanajeshi naye akaja, bunduki begani, akauliza kwa Kilingala nasikia nini. “Yo, ozali koyoka nini?” Nikampa écouteurs asikie mwenyewe kinachosikika. Akavaa, akangoja, mashine ikapiga, akaruka nyuma na kunirudishia kama amepewa nyoka. Mzee Paluku akaongea na yule mama kwa Kinande, taratibu, akamwahidi kwamba kila shina la sombe tutakalong’oa atalipanda tena kwa mikono yake. Ndipo tukachimba.

Kwa kina cha kufika begani tukaikuta waya. Sasa, Yaya, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo unapoingia wewe. Mahali waya mbili zilipounganishwa hapakuwa na ile boîte ya resini inayotakiwa, ile inayomiminwa ikaganda kama jiwe. Palikuwa na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, umekatwa vipande na kuzungushwa, juu yake utepe wa skochi. Ndani maji. Nyuzi nyeusi zimetambaa kila upande. Na pembeni, imefungwa kwa waya mdogo, bati ya jina, kwa kuwa hapa kila anayefunga kiungo anaacha jina lake. Chef akaifuta matope kwa kidole gumba akasoma: PALUKU.

Akageuka. Mzee alikuwa amesimama mtaroni na koleo lake, udongo mpaka magotini.

“Paluku! Ni weye?”

“Hapana, chef. Hii hapana kazi yangu.”

“Jina njo hii! Boîte uliuza kwa nani?”

Chef wetu anatoka Kinshasa, hajamaliza miezi sita hapa. Kwake Paluku ni mtu mmoja. Hajui kwamba kwetu kila nyumba yenye mtoto wa kiume wa kwanza ina Paluku wake, kama ilivyo na Kambale anayemfuata. Akamnyang’anya mzee funguo na buti palepale. Mzee alirudi nyumbani peku mbele ya majirani walewale, na yule mama wa sombe akamwita “mwizi wa maternité”. Tangu siku hiyo mkewe hajatokeza kwenye kwaya.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na kile kiungo, nikaona kitu ambacho chef hakuwa na macho ya kukiona. Mpira ulikuwa umezungushwa kwenda kushoto. Mzee anazungusha kwenda kulia, na wote tuliofundishwa naye. Mama, unakumbuka Baba alivyokuwa akimfunga Yaya mkono wa kushoto kwa kamba ya mgomba wakati wa kula? Alifaulu kwa kijiko, alifaulu kwa kalamu. Lakini mzigo wa kuni, gunia la maharage, kitu chochote cha kufungwa, Paluku wako amekifunga kwa kushoto mpaka leo.

Miezi mitatu ulifanya kazi hapa, kwa siku, bila mkataba. Jina lako liliandikwa “Paluku” tu kwenye orodha, na chef wa wakati ule ameondoka. Wenzetu wa mtaro ule, nikiwauliza, wanasema hawakumbuki vizuri. Wanaogopa na wao kuulizwa walifunga nini. Lakini mimi nakumbuka. Nakumbuka pia nilipokuja Noeli, atelier yako ya kusudia, ya kuchomea vyuma, imeunganishwa umeme vizuri kutoka barabarani, na carton ya boîte ya resini iko chini ya meza, umewekea misumari. Nilisoma maandishi yake. Nikala mchele wako nikanyamaza.

Usiseme nakutupia yote. Siku ile tulipofunga waya ya maternité, mimi ndiye niliyeshika mégger. Namba ilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa, ndogo wazi, na wewe ukasema, “Andika bon, mudogo, itakauka.” Nikaandika bon, kwamba waya ni nzima. Niliandika kwa sababu wewe ni yaya, na kwetu Kambale hamsahihishi Paluku mbele za watu. Wiki kadhaa nilijidanganya kwamba imekauka. Ugonjwa wa waya ile nilikuwa wa kwanza kuujua, kabla ya sikio lolote la chuma, na nikaufukia.

Na Jumatatu hiyo pia nilinyamaza. Siku nzima, Yaya! Nilimwona mzee anaondoka peku nikainama kukusanya vyombo. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne asubuhi nikaingia bureau. Nikamwambia chef: ile bon ni mkono wangu, niliandika uongo. Nikamwambia aliyefunga ni yaya yangu, Paluku, yuko Butembo. Akacheka, akapiga meza.

“Paluku mwingine! Na kesho utaniletea Paluku wa tatu?”

“Chef, huku kwetu ba Paluku beko bengi. Ni jina ya mutoto wa kwanza.”

“Donc umepata yaya wa kumuokolea mwalimu wako. Unazani mi ni mutoto?”

Nikamweleza habari ya kushoto na kulia. Akasema: “Hadisi hapana funga waya. Mulete. Afunge mbele yangu, hapa ku meza, nione na macho. Lundi asubui. Kama hapana, dossier ya muzee inaenda ku parquet.” Parquet, Mama, ni kwa mwendesha mashtaka. Kisha akanivua écouteurs. Sasa nachimba tu, mtu mwingine anasikiliza.

Ndiyo maana nilikupigia, na ukajua ndiyo maana, maana simu ya kwanza uliipokea Jumanne, ukasikia neno “maternité”, ukaniambia mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Nilisikia mashine yako ya kusudia nyuma yako, na nilikusikia ukimwambia mtu azime redio. Njia ya mwongo ni fupi, Yaya, na yako haijafika hata Maboya hapo karibu na kwako. Baadaye ukaifunga namba yangu.

Hasira yangu si kwamba ulichukua boîte. Shida zinamfanya mtu achukue. Nimekasirika kwa sababu unajua ni nani anayelipia na unaendelea kuchomea watu madirisha. Wanasema mkubwa ni jalala, kila taka ya nyumba inatupwa kwake naye anabeba. Wewe takataka yako mwenyewe umeimwaga kwa mzee wa watu, umejificha nyuma ya jina ambalo Baba alikupa kwa furaha. Kwa miaka nimekuachia kiti, nimekuachia nyama ya kwanza, nimekuachia neno la mwisho. Hilo la mwisho nalirudisha kwangu. Sikuogopi tena, na naandika hivyo Mama akisikia.

Usiniambie barabara ni mbaya. Mama Kahindo ana miaka sitini na anaipita kila wiki na samaki kichwani. Magari yanaondoka Ijumaa na Jumamosi, yanasindikizwa na wanajeshi. Usilete zawadi, usilete boîte, hiyo imeshaganda huko kwako. Hakuna mashine duniani inayoweza kumpimia chef ni Paluku gani. Mégger haiwezi, sikio la chuma haliwezi, mimi mdogo wako nimeshindwa. Ni wewe tu.

Mke wako Kavira msalimie, mwambie simhesabii kosa, na namshukuru kwa kitambaa alichonishonea. Mkubwa wa watoto wako, mwambie baba yake mdogo anauliza kama bado anaandika herufi kinyume. Kama na yeye ni wa kushoto, usimfunge kamba. Shangazi Katungu, aliyetulea Baba alipolala mgonjwa, mpe mkono wangu, na padri mlezi wa Mama pia. Mama, nisamehe kwa barua hii, na kile kiazi ulichonitumia kilifika kizima, nilikula na mzee.

Wewe Yaya sijakusalimu, umeona. Salamu yako nimeiweka hapa Beni, kwenye meza ya bureau, Jumatatu asubuhi, kando ya waya mbili na kipande cha mpira. Baba alikupigia mkono wa kushoto miaka yote, na kila alipoufunga nililia mimi. Uje nao.

Mdogo wako,
Kambale